Fila ya Kumi na Saba

Ukifungua boneti ya gari la siku hizi unakutana na kifuniko cha plastiki, na chini yake mara nyingi kuna kingine. Boneti ya Mustang ya 1965 ikiinuliwa, injini yote iko wazi: kichujio cha hewa cha duara juu, kabureta chini yake, distributa mbele, waya nane za plagi zikitambaa huku na huku, mkanda, feni, rejeta. Karibu kila bolti inaonekana na inafikika kwa spana ya kawaida. Nasema karibu, kwa sababu plagi za nyuma ni habari nyingine. Springi za mbele za gari hili zimejengewa minara ya bati inayoibana injini kushoto na kulia, na anayetaka kufungua plagi ya mwisho huingiza mkono kwa kupapasa.

Mwenye gari ni jirani yangu, mtu mzima aliyestaafu, katika kitongoji kimoja kaskazini mwa Detroit. Mimi humwita Mzee. Nilipomweleza kwamba kwetu hiyo ni heshima wala simkumbushi umri wake, aliridhia. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuchonga kalibu za chuma, zile ambazo bati hukandamizwa ndani yake likatoka mlango au boneti, na katika kazi hiyo kosa lisiloonekana kwa macho ni kosa kubwa. Hupima kwa sehemu za elfu za inchi na huzitaja kwa namba tupu, "kumi na saba," "thelathini na tano," bila kutaja kipimo. Ukikaa naye unazoea.

Ford waliitoa Mustang hadharani tarehe 17 Aprili 1964, kwenye maonyesho ya dunia ya New York, kwa bei iliyoanzia dola 2,368. Watu waliigombania, na mwaka wa kwanza ulipotimia zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 400,000. Wingi huo ndio unaowaokoa wenye magari haya leo, maana spea zinatengenezwa upya hadi sasa, kuanzia mpira wa mlango hadi bodi nzima. Mzee alilinunua lake zamani, sakafu ikiwa imeoza, kwa mtu aliyetaka tu nafasi ndani ya gereji yake. Ni la kijani kilichokolea, lenye V8 ya inchi za ujazo 289, yaani kama lita 4.7, kabureta ya koo mbili na gia tatu za mkono. Katika namba ya chasisi kuna herufi F, ambayo ni alama ya kiwanda cha Dearborn, mwendo mfupi tu kutoka hapa; za San Jose zilipewa R, na za Metuchen, New Jersey, T. Gari hili, kwa hiyo, halijawahi kuhama nyumbani.

Majira ya baridi ya Michigan ni adui wa bati. Theluji ikianguka, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi yenyewe haitoki mbali. Chini ya Detroit, zaidi ya mita 300 ardhini, kuna mgodi wake. Gari la zamani likipitishwa katika tope hilo miaka michache tu, linaanza kutoboka kuanzia chini. Ndiyo maana Mustang hulazwa kabla ya theluji ya kwanza, na kulilaza kuna utaratibu wake. Mzee hujaza tangi hadi juu ili pasibaki nafasi ya hewa yenye unyevu, humimina dawa ya kuhifadhi petroli, kisha huiacha injini iunguruke hadi petroli yenye dawa ifike ndani ya kabureta. Oili huibadilisha wakati huo huo, kabla ya kulala, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi na hataki ishinde juu ya beringi miezi yote hiyo. Betri huitoa ikakae kwenye rafu na chaja ndogo. Bomba la ekzosi huliziba kwa sufi ya chuma. Panya wa huku nao wanayathamini magari ya kale.

Kuna majira ya baridi aliyoyamaliza yote kwenye kipande kimoja cha bodi. Chini ya kioo cha mbele, pale vaipa zinapokaa, Mustang za miaka ile zina sanduku la bati la tabaka mbili lililofichika. Hewa huingia kwa matundu ya juu, maji ya mvua hutiririka kwenda pembeni na kumwagika chini, na ndani kuna shingo za bati zilizoinuka ili hewa iwafikie abiria na maji yabaki nje. Limebuniwa vizuri, ila majani makavu yakiingia humo hukaa na kushika unyevu, mkono haufiki kusafisha, na kutu huanza kula mzizi wa zile shingo. Dalili yake kila mwenye Mustang anaijua: mvua inanyesha nje, wewe ndani unalowa miguu.

Wengi hupaka gundi ya kuziba wakamaliza. Mzee alifungua madigadi mawili ya mbele, akatoa kioo, akaanza kuzitafuta nukta za kulehemu za kiwandani, moja moja, chini ya rangi. Alisugua kwa msasa hadi duara dogo likaonekana, akalitia alama katikati kwa ncha ya chuma na nyundo, kisha akaweka keekee yenye kisu cha duara ambacho hukata tabaka la juu na kuliacha la chini zima. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Mkono wa kulia ulibeba keekee, wa kushoto uliiongoza kwa vidole viwili, na kichwa kilikuwa kimeinama upande, kikisikiliza. Sauti hubadilika tabaka la juu linapokatika. Inashuka kidogo, inakuwa nzito. Papo hapo aliachia. Kila nukta ilipokwisha alichomeka patasi nyembamba kuona kama mabati yameachana, na yasipoachana hakuyalazimisha. Alirudi na keekee.

Kulehemu ndiko kulikokula muda. Bati la gari halifiki unene wa milimita moja, na joto likizidi mahali pamoja linajikunja, na likishajikunja kulinyoosha ni shughuli nyingine. Alipiga nukta moja, akahamia mwisho wa pili wa bati akapiga nyingine, akaja katikati akapiga ya tatu, kisha akazima mashine. Aligusa bati kwa mgongo wa kidole. Lilipokuwa bado na joto, alifagia gereji. Alipomaliza kufagia alipanga soketi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Hivyo hivyo siku zikaenda, nukta zikisogeleana hadi zikaungana kuwa mshono mmoja, akausaga, akaupaka rangi yenye zinki, akaziba kingo. Siku ya kujaribu alimimina maji ya ndoo polepole juu ya matundu, mimi nikiwa nimelala chali sakafuni mwa gari na tochi mkononi. Halikudondoka tone. Kazi yote ile sasa imefunikwa na madigadi na kioo, na hakuna atakayeiona tena mpaka gari lifumuliwe.

Machipuko yakifika, wenye pupa hutoa magari yao siku ya kwanza ya jua. Mzee hungoja mvua za kutosha kuosha lami. Hafuati kalenda, hutoka nje akachungulia mfereji wa kando ya barabara, na akiona bado kuna weupe wa chumvi hurudi ndani.

Siku ya kuliamsha, swichi haiguswi kwanza. Anafungua plagi zote nane, anadondoshea oili kidogo ndani ya kila silinda na kuiacha ishuke kwenye ringi. Kisha anaweka soketi kwenye bolti ya mbele ya krankshafti na kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, kwa kuwa hiyo ndiyo inayozipitisha silinda zote katika kazi zake nne. Anazungusha kwa mpini mfupi, maana mpini mrefu ungemnyima habari: ukiwa na nguvu nyingi mkononi huwezi kujua kama kuna kitu kimekwama au wewe ndiye umekikwamua kwa kukivunja.

Plagi anazilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda. Ford huhesabu moja hadi nne upande wa abiria na tano hadi nane upande wa dereva, kutoka mbele kwenda nyuma, na ukizichanganya umepoteza barua ulizoandikiwa na injini. Kauri yenye rangi ya kahawia iliyopauka ni heri. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli iliyozidi, nyeusi yenye utelezi ni oili inayopenya kwenye ringi au kwenye vali, nyeupe kabisa ni joto kali. Za mwaka huu zilikuwa kahawia saba na moja, ya nyuma upande wa dereva, ina weusi mkavu. Mzee aliigeuza geuza kwenye mwanga, akaichunguza waya yake, akakuta kichwa cha waya kimelegea, akakibana kwa koleo. Hakununua plagi mpya. Alizisafisha kwa brashi laini, akapima uwazi wa kila moja, thelathini na tano, akazirudisha kwa vidole hadi zikakaa kwenye uzi wake, ndipo akatumia spana.

Sasa distributa, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko cheusi kilichoshikwa kwa klipu mbili. Kifuniko kikitoka na rota ikichomolewa, unaziona pointi: vidonge viwili vya tangsteni vinavyotazamana, kimoja kimetulia, kingine kiko kwenye mkono wenye springi. Katikati unasimama mhimili wenye pembe nane. Kila pembe inapopita inasukuma kikanyagio kidogo cha ule mkono, pointi zinaachana, umeme wa koili unakatika, na kukatika huko ndiko kunakozaa cheche. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, distributa inazunguka mara 1,500, na pointi zinafunguka na kufungika mara 12,000, yaani mara 200 kila sekunde. Katika gari la leo kompyuta ndiyo inayoamua wakati wa cheche na hakuna kinachogusana. Hapa vinagusana. Vinaungua taratibu, kikanyagio kinalika, pengo linapungua, na gari linaanza kumisi. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kushika Peugeot 404 anaijua kazi hii na pengine bado ana fila zake, vile vibati vyembamba vya kupimia pengo, kwenye boksi.

Pengo linalotakiwa ni sehemu kumi na saba za elfu za inchi, karibu milimita 0.43. Mzee anaizungusha krankshafti hadi kikanyagio kikae juu kabisa ya pembe, mahali pointi zinapoachana kwa upana wote. Akiipita kidogo, harudishi nyuma, kwa sababu mnyororo wa taimingi una ulegevu wake. Anaendelea mbele hadi pembe inayofuata. Fila anaifuta kwa spiriti, maana alama ya mafuta ikibaki kwenye pointi huungua ikawa kaa. Kisha anaiingiza kwa vidole viwili. Inapaswa kuingia bila kuusukuma mkono wa springi, na kutoka kwa mkwaruzo mdogo, kama noti mpya ikichomolewa katikati ya kurasa za kitabu kilichofungwa.

Haikutoka hivyo. Ilibana. Alilegeza skrubu ya kufungia, robo mzunguko tu, akachomeka bisibisi kwenye tundu la marekebisho na kuigeuza kwa kiasi ambacho macho yangu hayakukiona. Alijaribu fila, ikapita sawasawa. Akakaza skrubu. Wengi huishia hapo, nami ningeishia hapo, lakini skrubu inapokaza huiburuta pointi nayo. Alipima tena: kumi na sita. Akalegeza, na safari hii akaliacha pengo kumi na nane kwa makusudi, akijua kukaza kutalipunguza kwa moja. Alikaza, akapima: kumi na saba. Halafu akajaribu fila ya kumi na sita, ikapita bila kugusa kitu, na ya kumi na nane, ikakataa. Mtu asiyejua angesema amepima kitu kimoja mara tatu. Kwa kweli alikuwa ameufungia ukweli pande zote mbili.

Alimulika tochi kuona kama vidonge vinakutana uso kwa uso, wala si kwa ukingo. Akapaka grisi kidogo mno kwenye mhimili, ya kulainisha kikanyagio, kwa kuwa ikizidi hurushwa ikatua juu ya pointi. Mwisho alipitisha kipande cha kadi safi katikati ya pointi zikiwa zimefungana, akakivuta, akakitazama. Kilikuwa na mstari wa kijivu. Akachukua kipande kingine. Cha pili kilitoka cheupe.

Kabla ya kuwasha alichomoa waya wa koili na kuizungusha injini kwa stata hadi taa ya oili kwenye dashibodi ikazima, ndipo akaurudisha. Alikanyaga pedali mara mbili, akageuza swichi. V8 ya aina hii ikiwa baridi huunguruma kwa fujo kwanza, halafu hutulia kadiri choki inavyofunguka. Mzee hakuipigia resi. Aliiacha ipate joto yenyewe, akafunga geji yenye mshale, inayoonyesha pointi zinakaa zimefungana kwa nyuzi ngapi za mzunguko. Mzunguko ni nyuzi 360, silinda ni nane, kila silinda ina fungu la nyuzi 45, na katika hizo pointi zinatakiwa ziwe zimefungana kati ya 26 na 31. Fila hupima pengo lililosimama. Geji hii hulipima likiwa kazini. Mshale ulisimama kwenye 28. Hakusema kitu, ila aliifuta fila na kuirudisha kwenye ala yake.

Taimingi ni kuamua cheche itoke lini. Kwenye puli ya mbele ya krankshafti kuna mistari ya nyuzi, na Mzee alikuwa ameupaka chaki ule wa nyuzi sita kabla ya pistoni kufika juu. Alichomoa mpira mwembamba unaoleta mvuto wa hewa kwenye distributa, akauziba mdomo. Taa ya taimingi hufungwa kwenye waya wa silinda ya kwanza na kumweka kila cheche inapopita, na kwa mwanga huo puli inayozunguka kwa kasi huonekana imesimama tuli. Mstari wa chaki ulikuwa pembeni kidogo ya alama. Aliishika distributa kwa kiganja kizima, bolti yake ikiwa imelegezwa kiasi cha kuiruhusu kusogea lakini isicheze, akaisukuma. Mstari ukasogea ukakaa. Alikaza bolti na, kama ilivyo ada yake, akamulika upya baada ya kukaza.

Kabureta alikuwa ameishughulikia wakati wa baridi, juu ya meza. Ni Autolite 2100, na ubavuni imechapwa 1.08 ndani ya duara, kipenyo cha koo zake kwa inchi. Alitandaza trei, akaweka kila skrubu mahali panapofanana na ilipotoka. Boya la shaba ya manjano alilitikisa karibu na sikio kusikiliza kama limeingiwa na petroli. Jeti hakuzichokonoa kwa waya, kwa maana waya hukwangua tundu na tundu likishapanuka jeti imekufa. Alizipuliza kwa hewa na kuzitazama dirishani. Kiwambo cha pampu ya eksileta kilikuwa kimekakamaa. Petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli, mara nyingi hadi asilimia 10, na mipira ya enzi zile haikutengenezwa kwa kinywaji hicho. Aliweka kipya kilichotengenezwa kuistahimili.

Kilichobaki ni skrubu mbili za mchanganyiko, moja kwa kila koo. Kwa kuanzia huzungushwa ndani hadi zigote kidogo tu, zisibanwe, maana ncha zake ni sindano na zikikandamizwa hupata kidonda, kisha hutolewa mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo ni masikio na geji ya mvuto wa hewa. Mzee anageuza moja ya nane ya mzunguko upande huu, anangoja. Injini haijibu papo hapo. Inachukua muda kuzoea hewa yake mpya. Anageuza moja ya nane upande wa pili, anangoja tena. Mshale wa geji ukipanda anaendelea, ukianza kushuka anarudi pale ulipokuwa juu. Nimewahi kuona watu wakigeuza skrubu hizi kwa pupa, huku na huko, wakilalamika kwamba kabureta mbovu, na kumbe wanauliza swali jipya kabla ya la kwanza kujibiwa. Mshale wa Mzee ulifika kati ya 18 na 19 ukatulia bila kutetemeka. Hapo ungeweza kusimamisha glasi ya maji juu ya kichujio cha hewa. Wengine hufanya hivyo kwa kujionyesha. Yeye aliweka kiganja tu.

Kuhusu breki anatofautiana na wapenzi wengine wa Mustang, na mimi niko upande wake. Gari hili lilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne na silinda kuu yenye chumba kimoja. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Matoleo ya 1967 yalipewa vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, ili kimoja kikifa kingine kisimamishe gari. Mzee alibadilisha, akaweka ya vyumba viwili, na kwenye mashindano ya magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani atakatwa alama kwa hilo. Hajali. Kila kitu alichobadilisha kiko kwenye boksi juu ya rafu, na karatasi inayosema kilitoka lini, ili atakayelimiliki baadaye akitaka kufa kwa uhalisia awe na hiari yake. Hata oili huchagua yenye zinki ya kutosha, maana za kisasa zimepunguzwa zinki ili kulinda vichujio vya ekzosi ambavyo Mustang hii haina, na kemshafti ya namna hii bila zinki hulika upesi.

Barabarani alikwenda taratibu mtaa kwa mtaa, kisha tukaingia Woodward. Hii ndiyo barabara ambayo kila Agosti, tangu 1995, magari ya zamani humiminika kwa maelfu kutoka Ferndale hadi Pontiac, watu wakiwa wameketi kando na viti vyao. Siku ile ilikuwa siku ya kawaida na tulikuwa peke yetu kati ya magari ya kwenda kazini. Nilimsimulia kwamba mwaka 1964, kabla gari lake halijaundwa, Wamarekani walileta Afrika Mashariki kikosi cha Comet za Mercury, ndugu wa Mustang kwa upande wa gari la Ford Falcon, kushindana katika mbio za magari za East African Safari. Nyingi hazikufika mwisho, na ushindi ukaenda kwa Cortina GT ya Peter Hughes. Alitaka kujua zilivunjika wapi: springi, ekseli, au vumbi lililoingia kwenye kabureta? Sikuwa na jibu, naye akabaki akilifikiria hadi taa ya pili.

Kwenye taa ya tatu aligundua gari linavuta kushoto kidogo linapofunga breki. Mimi sikusikia lolote. Alirudia mahali penye lami tambarare, mikono ikiwa imeachia usukani kidogo, akathibitisha. Nyumbani alilipandisha kwa jeki, akaweka stendi, akatoa kizibo cha mpira nyuma ya dramu ya kulia na kuingiza chuma bapa kugeuza gurudumu la meno la ndani. Jino moja. Akazungusha tairi kwa mkono, likapita huru. Jino la pili, likakwaruza kidogo. Akarudisha moja, akaenda kujaribu peke yake, akarudi akiwa amezima injini tangu langoni, gari likiingia gerejini kwa mwendo wake.

Chini ya gari kuna kipande cha boksi alichokitandaza tangu mwaka jana. Kina doa la oili, nyuma ya sufuria ya injini, panapokaa sili ya nyuma ya krankshafti. Ya asili ilikuwa kamba iliyosokotwa, na kamba hizo huvuja zikizeeka. Kuibadilisha ni kushusha sufuria na kulegeza beringi zote. Mzee alilala chini na rula, akalipima doa kwa upana na kwa urefu, akalinganisha na namba alizoandika kwa penseli pembeni ya boksi.

"Halijakua," alisema, akaandika tarehe, akalitelezesha boksi mahali pake. Sili itangoja majira ya baridi, na pengine yajayo baada ya hayo.